Samaki Waliotushikia Nyumba

Baada ya kumzika mume wangu nilianza kuogopa rangi ya manjano. Wezi sikuwaogopa, maana hapakuwa na cha kuiba, na njaa tulikuwa tumeshazoeana. Lakini kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha nilichota maji ya samaki kwa kichupa chembamba cha kioo, nikadondosha matone ya dawa, nikatikisa, nikakiinua dirishani na kusubiri rangi itulie. Buluu ilikuwa nzuri. Kijani ilikuwa ya wasiwasi. Manjano ilikuwa na maana kwamba watoto wangu watatu watachukuliwa.

Nieleze vizuri, maana hata ndugu zangu wa Sange walidhani nimerukwa na akili.

Mume wangu alikuwa fundi wa maabara katika kituo cha utafiti, kazi yake kupima maji ya maziwa. Ziwa la Kivu lilikuwa mlangoni kwetu, lakini yeye alipenda samaki wa Tanganyika, wale wadogo wenye mistari wanaoishi katikati ya miamba upande wa Uvira. Aliwapandisha hadi nyumbani kwetu Bagira ndani ya bidoni, madumu ya plastiki, akawatengenezea sanduku la kioo lenye urefu wa kitanda cha mtoto, akalipangia mawe mpaka juu ili kila samaki awe na pango lake. Watu walipita baada ya misa kuja kuwaangalia, na hakukosekana wa kuuliza kama wanaliwa. Mimi mwenyewe nilichukia kubeba ndoo za maji kwa ajili ya samaki wasioingia sufuriani. Nilimwambia wazi kwamba ameoa wake wengi na wote wana mapezi. Alicheka tu. Kile kicheko chake cha haraka kilinikasirisha miaka yote ya ndoa yetu, na leo ningetoa chochote nikisikie tena.

Alikufa kwa ugonjwa wa tumbo ambao daktari hakuupatia jina.

Matanga yalipokwisha, familia yake ilikaa sebuleni kwangu kugawana. Kaka yake mkubwa alikuwa amekuja kwa ndege kutoka Kinshasa, ndani ya suti ya abacost iliyopigwa pasi vizuri, na ndiye aliyesema. Nyumba ni ya familia. Mvulana atakwenda naye Kinshasa. Binti mkubwa atakwenda kwa shangazi, na yule wa katikati, aliyekuwa na miaka saba, atakwenda kwa mdogo wao, shemeji yangu. Mimi nirudi kwetu Sange na nguo zangu. Walisema yote hayo kwa upole, na hakuna kitu kilichoniudhi kama ule upole. Nilikuwa nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, nikisikiliza watu wakigawana watoto niliowazaa kwa uchungu wangu mwenyewe, na mmoja wao akaniomba nimwongezee chai.

Ndipo yule kaka mkubwa alipogeuka akaona samaki. Alikuwa akimtafuta kwa muda mrefu mkubwa mmoja wa serikali ambaye angeweza kumpatia cheo, na huyo mkubwa alikuwa anajenga villa yake huku Bukavu, kando ya ziwa. Zawadi kama hiyo, samaki wa rangi ndani ya kioo, hakuna mtu mwingine ambaye angempa. Ila villa haikuwa imefika hata kwenye paa.

"Nani anajua kulinda hii vitu?" aliuliza.

"Ni mimi," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufungua mdomo siku ile.

Wakanong'ona kidogo. Kisha ikaamuliwa kwamba nyumba isifungwe na watoto wasiguswe mpaka villa ya mkubwa iishe. Kuanzia hapo nilikuwa mlinzi wa samaki, na samaki walikuwa walinzi wetu. Kila nilipoteremka mjini nikawakuta mafundi wa ile villa wamekaa juu ya matofali wakivuta sigara, nilimshukuru Mungu kwa uvivu wao. Niliomba muda tu. Shule yangu ilikuwa imeniahidi nyumba ya walimu kule Kasha mwaka wa shule utakapoanza, na nilijiambia kwamba mwanamke mwenye mlango wake hawawezi kumtoa watoto mikononi.

Kupima maji alinifundisha marehemu, kwa nguvu, maana sikutaka. Alikuwa na dawa tatu. Ya kwanza ilionyesha ukali wa maji kwa zile rangi: samaki wa Tanganyika wanataka maji makali, ya buluu, na maji yakichoka yanalegea na kuwa manjano. Ya pili ilionyesha chumvi za mawe zilizomo. Ya tatu ilionyesha mkojo wa samaki wenyewe, ambao ndio sumu yao. Na alinionya jambo moja mara nyingi mpaka nikamwambia mimi si mtoto wa darasa la kwanza. Alisema maji yakiwa ya manjano sumu inalala. Samaki anakaa ndani yake, anadhoofika, lakini anaishi. Ukiyarudisha kuwa buluu kwa mara moja, sumu yote inaamka, na samaki wanakufa ndani ya maji yanayoonekana mazuri. Kwa hiyo usiguse rangi kabla ya kujua dawa ya tatu inasema nini.

Dawa ya tatu iliisha kwanza. Nilikwenda kituoni kuomba, na mwenzake wa zamani akanifungulia kabati lililobaki na vumbi na chupa tupu. Tangu wazungu waondoke hakuna kilicholetwa tena. Alinipa pole, akanisindikiza hadi barabarani, na nilipofika kwenye kona nililia kwa sauti bila kujali wapita njia.

Kisha mvua zikakata barabara ya Kamanyola. Dereva aliyekuwa akituletea bidoni za maji ya Tanganyika akakwama huko bondeni, na bomba letu likawa linatoa maji siku likipenda. Asubuhi moja niliinua kichupa dirishani nikaona manjano, manjano kabisa, kama chai ya maziwa ya mgonjwa. Niliketi chini. Watoto walikuwa wanavaa kwenda shule, yule wa katikati anatafuta kiatu kimoja, na mimi bado nimeshika kichupa.

Nilifanya lililowezekana. Kila siku nilitoa kikombe cha maji ya zamani na kutia kikombe cha maji mapya niliyoyachanganya na punje ya bikaboneti, magadi ya mandazi yanayorudisha buluu, kidogo kidogo, ili sumu itoke kabla haijaamka. Umeme ulipokatika na ile pampu ndogo ya hewa ikanyamaza, nilisimama nikichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu mpaka mkono ukafa ganzi. Darasani niliandika hesabu ubaoni nikasahau jibu lake. Nilikuwa nakasirikia kila mtu: marehemu kwa kufa, samaki kwa kukojoa, Mungu kwa kunifanya niombe msaada kwa viumbe wasionijua. Samaki walidhoofika lakini hakuna aliyekufa.

Shemeji yangu alikuwa anapita mara kwa mara. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa karani, mwoga wa kaka yake tangu utotoni, na alipenda kusimama nyuma yangu nikipima, akiniita mulamu, yaani shemeji. Siku moja alikuja na habari kwamba kaka mkubwa anarudi Jumapili pamoja na mjumbe wa yule mkubwa, kuja kuona zawadi. Akaangalia kichupa cha manjano mkononi mwangu.

"Mulamu, bado ni jaune?"

"Bado. Lakini inapanda. Acha niende nayo pole pole."

"Pole pole mpaka wakati gani? Atakuja kukuta samaki banalala."

Nilimweleza habari ya sumu, yote, kama nilivyoelezwa. Aliitika. Nilidhani ameelewa, kumbe aliona ni maneno ya mwanamke anayetaka kazi yake isiishe.

Ijumaa, nilipokuwa shuleni, alikuja na pakiti nzima ya bikaboneti. Nilirudi mchana nikamkuta mlangoni, mikono ya shati imekunjwa, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nimekusaidia. Angalia, maji imekuwa bleu."

Alikuwa amepima vizuri. Kichupa kilikuwa buluu safi, rangi ambayo nilikuwa naiota usiku. Na nyuma yake, ndani ya kioo, samaki wote walikuwa wametoka mapangoni, wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanapumua kama watu waliotoka kukimbia.

Nilitupa mfuko wangu, nikaanza kutoa maji kwa ndoo, nikimwaga hapo hapo sakafuni. Binti mkubwa nilimtuma kwa majirani kuomba maji yoyote. Nilikamua ndimu zote zilizokuwa jikoni ili kuyalegeza tena. Shemeji alikuwa anauliza, "Nini? Ni nini?" huku anarudi nyuma mpaka ukutani. Alipoelewa alipiga magoti, naye akaanza kuchota, kwa mikono mitupu, na shati lake la ofisini likalowa mpaka shingoni. Samaki mmoja aligeuka tumbo juu. Kisha wawili pamoja. Kabla ya saa ya chakula cha jioni palikuwa na mawe tu na maji, na sisi wawili tumekaa kwenye sakafu iliyolowa.

Alilia. Aliponyamaza akasema jambo lililokuwa kichwani mwake, akimtaja kaka yake mkubwa kwa Kifaransa.

"Grand frère akijua ni mimi, atanifukuza mu familia. Na mi njo mutu moja tu anaweza kusema juu yako. Useme ni wewe. Mi nitasimama juu ya batoto. Naapa."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumpasulia kile kioo kichwani. Lakini alikuwa amesema kweli: katika kile kikao sauti ya mjane haihesabiwi, na nisingempata mwingine wa kunisemea. Nikamwambia sawa.

Jumapili mjumbe hakuletwa, maana habari ya samaki kufa ilikuwa imeifikia familia. Walikuja wenyewe, wakakaa mahali pale pale walipogawana. Nilisimama mbele yao, nikasema, "Ni mimi niliua samaki. Niliweka dawa mu maji." Nilikuwa nimejizoeza jikoni.

Nilitegemea matusi. Kaka mkubwa aliangalia sanduku la kioo, akaniangalia mimi, na nikaona kitu kinapita usoni mwake ambacho hakikuwa hasira. Alisogeza kikombe cha chai nilichomwekea, akakisukuma mbali.

"Kwanza mudogo yangu," alisema. "Sasa samaki."

Hakuna aliyeshtuka. Hapo ndipo nilipojua kwamba maneno hayo yalikuwa yamezunguka kati yao tangu siku ya mazishi, na kwamba nilikuwa nimewapa kwa mdomo wangu ushahidi waliokuwa wanautafuta. Nilitaka kupiga kelele. Shemeji alisimama, akasema kwa sauti ya kukatika kwamba ingefaa watoto wabaki na mama yao. Alishika neno lake, siwezi kumnyima hilo.

"Bamufwate," kaka mkubwa alisema. "Nani kati yetu ataweka batoto ya huyu mwanamuke mu nyumba yake? Baende naye bote."

Kwa hiyo nilishinda. Sikupoteza hata mmoja. Nyumba ilifungwa wiki ile ile, ya Kasha sikuingoja, na barabara ilipofunguliwa tulipanda juu ya lori la mihogo kuelekea Sange, mimi na watoto wangu watatu, magodoro na sufuria. Nilikuwa nimechoka sana, lakini nakumbuka furaha, furaha ya kweli, nikiwahesabu kwa macho kila lori lilipokata kona.

Tulipokuwa tunateremka kuelekea Kamanyola joto la bonde lilianza kutupiga. Nilimimina maji kutoka kwenye bidoni nikampa yule wa katikati. Alishika kikombe kwa mikono miwili, hakukipeleka mdomoni.

"Kunywa, mama," nilimwambia, kama tunavyowaita binti zetu.

Aliangalia ndani ya kikombe. "Na papa," aliuliza polepole, bila ubaya wowote, "ulimuwekea nini mu maji?"

Jumapili ile ya kikao alikuwa mlangoni, akisikia yote. Sikujua. Nilimwambia kwamba papa aliugua, kwamba sikumwekea kitu, kwamba hata samaki haikuwa mimi. Aliitika kwa kila neno, kwa adabu, na bado hakunywa. Midomo yake ilikuwa imekauka.

Kwetu, ukimkaribisha mgeni asiyekujua, unaonja kinywaji mbele yake kabla ya kumpa, ili ajue hakina kitu. Nilichukua kile kikombe mikononi mwa mtoto wangu, nikanywa nusu yake huku ananiangalia koo. Ndipo na yeye akanywa.