Nanaa ya Kanyere kwenye Barabara ya Beni

Pale Masereka watu walijua viazi, kabichi na maharagi. Kwa hiyo mwaka ule wa vita, Kanyere alipong'oa maharagi yote apande nanaa, mumewe Syauswa aliketi kwenye tuta, amechoka ghafla.

"Batoto batakula harufu?"

Lakini Kanyere alikuwa ameshika neno la Musafiri, Mwislamu wa Beni mwenye kamioneti. "Mama, kwetu kila nyumba inakunywa chai ya menthe, ndiyo hii nanaa. Leta tu."

Nanaa haikumsumbua kuota. Ilimsumbua kutulia mahali pake. Ilitambaa chini kwa chini ikachomoza kwa jirani Emérence, katikati ya karoti, na kila juma Kanyere akaenda kuing'oa huku akiomba radhi.

Siku ya mavuno walikata alfajiri, umande ungali juu ya majani, wakashindilia magunia kumi. Kanyere akapanda juu ya mzigo kwenye kamioneti ya Musafiri. Butembo walipita salama. Mbele kidogo, kamba ilikatiza barabara na maaskari wameketi.

"Hapana kupita. Kule banapigana."

"Mpaka lini, chef?" Musafiri akauliza.

"Uliza masasi ya bunduki."

Wakangoja. Wenye magari ya maharagi walijilalia. Maharagi hayana haraka. Siku ya tatu kamba ikashushwa, na Kanyere akashika gunia alisogeze. Akaruka nyuma. Lilikuwa la moto kama sufuria! Akafungua kamba ya gunia kwa meno. Mvuke ukampiga usoni, unanuka zizi, na ndani majani yalikuwa meusi, yanateleza kama mlenda. La pili vilevile. La tano. La kumi.

"Nani alichoma majani yangu?" Akachungulia chini ya gari. "Moto uko wapi?"

"Hakuna mutu, mama," Musafiri akasema polepole. "Yamejichoma yenyewe. Mulifunga na maji, mukashindilia."

Hakulia. Alisimama mikono kichwani wakati magunia yanamwagwa bondeni, kana kwamba ni mali ya mtu mwingine.

Mashina yalipochipua tena, alikata jua likiwa limepanda, akaanika kwenye mikeka chini ya paa. Majani ya magunia kumi yakajaza moja tu. Syauswa aliinua mikeka yote akitafuta mengine.

Gunia hilo lilisubiri kwenye bariyeri mbili za maaskari, likafika Beni likiwa zima. Yasmine, mke wa Musafiri, akalinunua lote, akatuma ujumbe anataka lingine. Kanyere alikuwa amekwisha kurudisha maharagi nusu ya shamba.

"Mwambie angoje jua," Kanyere akamjibu Musafiri. "Kwetu sasa ni ukungu tu. Majani hayakauki."