Meno Ishirini na Manne

Harufu ya grisi ya mnyororo bado hunirudisha siku tuliyohamia kijiji cha ujamaa. Majirani wote walikuwa wamekwisha ondoka. Bibi alikaa mlangoni, kando ya jiwe lake la kusagia uwele.

"Jiwe lisipokwenda, siendi."

Jiwe lilikuwa zito, na mlima wa kuvuka kufika huko ulikuwa mrefu. Baba akaipindua baiskeli, akabadilisha friwili, ile gia ya gurudumu la nyuma.

"Tazama, mwanangu. Mbele kuna meno arobaini na manane. Nyuma yalikuwa kumi na sita, kwa hiyo pedali ikizunguka mara moja, tairi lilizunguka mara tatu. Sasa nyuma nimeweka ishirini na manne. Litazunguka mara ngapi?"

"Mbili."

"Safi kabisa! Mwendo unapungua, lakini mzigo unakuwa mwepesi miguuni."

Tulipanda mchana kutwa, jiwe likiwa limefungwa kwenye karia nyuma ya Baba, mimi nikiisukuma. Bibi alitufuata na fimbo yake, akimtania Baba.

"Wewe baba, hata kobe ametupita!"

Baba alikuwa akihema tu, miguu ikizunguka, ikizunguka.

Kileleni Baba alishuka, akajitupa mavumbini. Bibi alilipapasa jiwe, akamtazama mwanawe.

"Haya," akasema taratibu. "Pumzika kwanza. Halafu mnionyeshe hicho kijiji."