Nilivyomkosanisha baba mdogo, mpiga picha wa wanyama, na rafiki yake

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili limenikaa kifuani tangu tumzike baba mdogo wangu. Sitaongeza chumvi, na sitajitetea.

Baba mdogo alikuwa mwalimu wa sayansi huku kata ya Daudi, Mbulu. Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe, yeye akanunua kamera. Walimcheka sana. Alizunguka misitu yetu mpaka mlima Hanang akipiga picha ndege, vinyonga, nyani, na kila alichoona akakiandika kwenye counter book. Alitaka kitabu cha Kiswahili, ili mtoto wa hapa amjue mnyama wa kwao, si simba wa kwenye TV tu.

Macho yalikuwa yanamsumbua, hivyo kuchapa kwenye laptop ilikuwa kazi yangu.

Porini alikwenda na Mzee Amsi wa Tumati, mfugaji anayesoma nyayo kama mimi ninavyosoma meseji. Baba mdogo alisema nusu ya kitabu ni ya Amsi.

Sasa, wakampata chui jike na watoto wawili kwenye korongo moja juu ya Tumati. Walivizia siku nne kuipata ile picha. Baba mdogo akaniambia isitoke kwenye laptop mpaka watoto wakue wahame.

Mimi na kiherehere changu nikaiweka kwenye group la ukoo. Nilitaka tu waliomcheka waone.

Mahali sikutaja. Ila nyuma ya chui lilionekana jabali, na kila aliyewahi kuchunga Tumati analijua lile jabali. Watu wakaforward, na huko Tumati chui alikuwa ameshakula ndama za watu.

Haikupita wiki. Baba mdogo na Mzee Amsi walimkuta yule chui jike amekufa kwa sumu. Watoto hawakuonekana tena.

Baba mdogo aliporudi alikaa na buti miguuni mpaka chai ikapoa. Halafu akaniuliza kama ile picha nilimwonyesha mtu.

"Hapana, baba," nikasema.

Alikuwa anatumia simu ya kitochi, ya group hayaoni. Waliotega sumu nao walinyamaza, maana kuua chui ni jela. Kwa hiyo akabaki mtu mmoja tu wa kumshuku, yule aliyelijua lile korongo pamoja naye.

Mzee Amsi alikuja kwetu mara mbili. Mimi ndiye niliyetumwa mlangoni. Wakuu, nilimwamkia shikamoo, nikamwangalia usoni, nikasema baba mdogo hayupo.

Hawakusemeshana tena. Baba mdogo akaugua, akafa, kitabu hakijaisha. Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kumwambia ukweli.

Baada ya mazishi nikaenda Tumati. Nilimkuta Mzee Amsi anapukuchua mahindi, nikamweleza yote. Hakuacha kupukuchua.

"Nilijua," akasema. "Binti yangu si ameolewa kwenye ukoo wenu? Picha aliniletea siku ileile tulipomkuta chui amekufa, na jina lako juu."

Nikamuuliza kwa nini hakujisafisha kwa rafiki yake.

"Angekufukuza. Nani angemwandikia kitabu chake?"

Nililia palepale, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza: ukweli usiuwekee siku nzuri. Waambieni wazee wenu wakiwa bado wanasikia.

Kitabu nakimalizia. Jina la Mzee Amsi litakaa kwenye jalada pamoja na la baba mdogo, hilo halina mjadala. Ninalowauliza ni hili: niandike mbele ya kitabu kwamba mwongo nilikuwa mimi, au nitakuwa najitua mzigo tu? Semeni, na msinionee huruma.