Muamkie Bibi Yako

Watoto ninaowapeleka mahakamani nawapa ruhusa moja ambayo mama yangu, angekuwa hai, angenizaba kibao kwa kuitoa. Nawaambia hivi: leo, mpaka tutoke humu, huna lazima ya kumwamkia mtu. Awe babu, awe bibi, awe mwalimu wako wa Kurani chuoni, akija mbele yako tazama viatu vyako. Dhambi niandikiwe mimi.

Wenzangu hawapendi. Afande wa dawati la watoto, mwanamke mwenye roho laini kuliko sare yake, siku ya kwanza aliponisikia alishika kiuno.

"Bi Mratibu, sasa unatufunzia watoto ujuba?"

"Kwa siku moja tu, afande."

"Ujuba hauazimwi kwa siku moja."

Sikubishana naye. Yeye alikuwepo siku ninayotaka kuieleza, na baada ya kusema vile aliinamisha kichwa akajifanya anatafuta kalamu.

Kazi yangu inaitwa uratibu. Ukiniuliza mimi, ni udalali. Mtoto akiumizwa, au akimwona mwenziwe anaumizwa, polisi wanamtaka, ustawi wa jamii wanamtaka, mshauri nasaha anamtaka, mwendesha mashtaka anamtaka, na kila mmoja anamtaka kwa siku yake, ofisini kwake, aanze kusimulia tangu mwanzo. Mimi nazunguka baina yao nikishusha bei. Nililelewa nyuma ya meza ya kanga ya mama yangu pale sokoni Darajani, na huko nilijifunza mambo mawili: usioneshe kwamba kitu unakitaka, na ukikabidhiwa mzigo uhesabu mara mbili, hata kama aliyekukabidhi katoka kusali sasa hivi. Sikudhani elimu hiyo ingenifaa kwa watu wenye shahada. Imenifaa sana. Wenye shahada ni wepesi. Hawajazoea kukatiwa bei.

Mtoto wa siku ile alikuwa msichana wa Uroa, umri kama miaka kumi, mtaratibu, mwenye sauti ndogo. Yeye na mdogo wake wa kike walikuwa wakikaa kwa ami yao. Baba yao alikuwa amefariki, na mama yao alikwisha kuolewa kwengine na mwanamume ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alioa mke, hakuoa na watoto. Alasiri moja mdogo alimwaga chungu cha mchuzi. Ami akachukua mchi. Mkono wa mdogo ulivunjika pahala pawili, na watu wa nyumbani wakasema kaanguka ukutani. Daktari aliyempokea hakuuamini ukuta huo. Lakini aliyeona kwa macho alikuwa mmoja tu, naye ni dada mtu.

Kesi ilipofunguliwa, wote wawili waliwekwa kwa muda na familia moja ya maghorofa ya Michenzani, ngazi ile ile ninayopanda mimi. Hapo ndipo mzani wote uliposimama. Dada akisema mahakamani alichokiona, hawarudi kwa ami. Asiposema, ukoo utawadai watoto wao, na sisi hatutakuwa na neno la kuwazuilia. Mkono mmoja wa mdogo ulikuwa umeunga vibaya, umepinda kama mpini wa jembe la zamani. Uliobaki mzima ni mmoja.

Basi nikaingia sokoni.

"Mimi nahitaji saa mbili na shahidi wangu," alisema mwendesha mashtaka, kijana mwenye miwani na haraka.

"Saa mbili? Hata khutba ya Idi haifiki huko."

"Saa moja, basi."

"Nusu saa. Na wenzako watatu wawemo humo humo, wanasikiliza, hawaulizi."

"Watu wa ustawi wanyamaze nusu saa? Bi Mratibu, umeamka salama?"

"Nakusikia," alisema afisa wa ustawi, aliyekuwa nyuma yake na faili kwapani. Mwanamume mnene, mpole, anayechelewa kila pahala kwa sababu njiani husalimia kila mtu.

Wakakubali. Mtoto akasimulia mara moja tu, juu ya mkeka, mbele yetu sote watano, huku mshauri nasaha amekaa karibu yake akimenya chungwa ambalo hakuna aliyelila. Alinitazama mimi tu, nadhani kwa sababu mimi ndiye niliyekuja na mkate wa kumimina.

"Nlikuwa mlangoni," alisema. "Nlimwambia ami basi, ami basi. Hakunsikia. Kisha akansikia, akaniangalia, akapiga tena."

Kijana wa mashtaka alivua miwani akaifuta, na ilikuwa haina vumbi.

Siku ya kesi niliipigania kuliko siku yoyote niliyopata kuipigania. Sikutaka mtoto apite baraza ya mbele, ambako ami na nduguze wangekaa wamejipanga kama watu wa maulidi. Mahakama ile ina mlango wa nyuma, ila karani alikuwa ameugeuza stoo ya viti vibovu.

"Viti vile vina hesabu yake," aliniambia. "Kikipotea kimoja, naulizwa mimi."

"Kilichovunjika miguu mitatu kitapotelea wapi, kaka yangu? Kitakwenda kwa magongo?"

Alicheka, na mtu akishacheka umeshampata. Nikavitoa mwenyewe pamoja na afande, nikamhesabia vikitoka, nikamhesabia vikipangwa. Kizuizi cha kumkinga mtoto asimwone ami nilikitia kutoka kwangu: pazia la ukumbini, la maua mekundu, nikalitundika kwenye kamba ndani ya chumba cha kesi. Hakimu alilitazama muda kidogo, kisha akasema pahala pamependeza. Niliwahesabu watu wa upande wa pili: ami, nduguze, jirani zake, nani atakaa wapi na nani atatoka kwa mlango upi. Nikawahesabu tena. Hesabu ilikubali.

Bibi yao sikumhesabu. Hakuna aliyemhesabu. Hakuwa mshitakiwa wala shahidi. Alikuwa mama wa ami, na mama wa marehemu baba yao, bibi tu. Na bibi, kwetu, humweki upande wowote wa kesi.

Tulimleta mtoto asubuhi kwa gari la ustawi, ambalo siku hiyo, kwa baraka za Mola, lilikuwa na mafuta. Kesi ikasogezwa mbele, ikasogezwa tena. Tukakaa nje ya mlango wa nyuma, karibu na bomba la mfereji, sisi watano na yeye katikati, mpaka ikakaribia adhuhuri. Mtoto alikuwa katulia. Aliniuliza, "Anti, lile pazia mtalirudisha kwenu?" Nikamwambia nitalirudisha, na akija kwangu atalikuta. Akasema maua yake ni mazuri, ila moja limeshonwa kichwa chini. Nimelitazama pazia lile miaka yote na sikuwa nimeliona.

Ndipo bibi akatokea pembeni ya jengo, peke yake, baibui limefifia, kandambili mkononi. Alikuja mferejini kutia udhu. Mpaka leo sijui kama alikuja kwa udhu au kwa mjukuu wake. Ninachojua ni kwamba aliosha miguu kweli, kwa utulivu, mmoja baada ya mwengine, na sisi tukimtazama. Kisha akageuka.

"Shikamoo bibi," tukasema.

Tulisema sote kwa pamoja. Afande, kijana wa mashtaka, afisa wa ustawi, mshauri nasaha na mimi. Miezi yote ile nilikuwa nikiomba idara hizi zifanye jambo moja kwa wakati mmoja, na jambo lenyewe lilipokuja likawa hilo.

"Marahaba wanangu. Hamjambo? Kazi zenu vipi?"

"Alhamdulillahi, bibi."

Mtoto hakusema kitu. Alirudi nyuma, akajiingiza ndani ya baibui langu kama mtu anayejikinga na mvua, akashika kitambaa kwa mikono yote miwili. Bibi akasimama anasubiri. Hakukasirika. Alisubiri tu, maji yakimchuruzika vidoleni, kama wanavyosubiri wazee wanapojua kuwa haki yao inakuja.

Na kimya kile kilituuma. Sijui namna ya kumweleza mtu asiyekulia hapa. Mtoto hajamwamkia bibi yake, sisi watu wazima watano tumesimama, na aibu inatupanda sote kama tuliovuliwa nguo. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema. Samahani bibi, mtoto haruhusiwi kuzungumza na mtu. Samahani bibi, nenda mbele. Maneno mepesi, na mimi ndiye niliyewashusha bei makarani na maafande. Lakini bibi kizee aliyekwisha kutia udhu unamfukuzaje? Ni muhali. Mwendesha mashtaka alitazama mbinguni. Afande alitazama buti zake.

"Muamkie bibi yako," nikasikia.

Nimejaribu kukumbuka nani alitangulia. Nadhani alikuwa afisa wa ustawi. Kisha afande, kwa sauti ya kubembeleza: haya mwanangu, muamkie bibi. Na sauti ya tatu ilikuwa yangu, na mkono uliomsukuma mgongoni, taratibu, kumtoa ndani ya baibui, ulikuwa wangu pia.

Akatoka. Akaupokea mkono wa bibi, akaubusu, ukiwa bado umerowa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekula?"

"Nshakula."

"Alhamdulillahi. Ami yako hajala tangu jana." Akampangusa maji kwenye shavu kwa ncha ya mtandio. "Haya. Mungu akuongoze."

Akavaa kandambili zake akaenda kusali. Hakutisha mtu. Hakuomba kitu. Ungemshitaki kwa lipi?

Walituita mara baada ya sala. Pazia lilikuwa pahala pake. Mtoto alikaa nyuma yake na mshauri nasaha, na hakimu akamuuliza kwa upole uliozidi upole wa wengi wetu: siku ile mdogo wako alipoumia, wewe ulikuwa wapi?

"Pwani," alisema.

"Pwani?"

"Nlikuwa pwani. Sikuwepo."

Kijana wa mashtaka alimwendea kwa njia moja, akamwendea kwa njia nyengine, wala hakupandisha sauti. Mtoto alishikilia pwani yake. Upande wa pili wa pazia nilimsikia ami akishusha pumzi, na hapo ndipo nilipojua kwamba pazia huzuia macho tu.

Kesi ilianguka. Ukoo ukaja kudai watoto kama tulivyojua wangekuja, wakiwa na sheha wa kijiji chao na maneno mazuri, na bibi mbele yao. Afisa wa ustawi alipigana, lazima niseme hivyo. Alichokipata ni hiki: watoto wasirudi kwa ami, wakae kwa bibi. Nilipokisikia niliona tumepata nusu ya bei. Sikuuliza nyumba ya bibi iko wapi. Katika maisha yangu yote ya kununua na kuuza, hiyo ndiyo bidhaa pekee niliyoichukua bila kuifungua.

Nilikwenda Uroa kuwatazama mvua za masika zilipokwisha. Nyumba ya bibi iko kiwanja kimoja na ya ami. Baina yao pana ua wa makuti, na ua una mwanya wa kupita mtu na ndoo. Bibi alinipokea kwa heshima zote, akanitandikia mkeka, akaniombea dua kwa kuwatunza wajukuu zake. Ninaamini alikuwa anasema kweli. Mdogo aliniletea chai. Aliubeba ubao wa vikombe kwa mkono mzima, na ule uliopinda aliutia chini yake kama kigingi, na hakumwaga hata tone. Alikuwa akitazama vikombe kwa namna ambayo sijamwona mtoto yeyote akitazama vikombe. Upande wa pili wa ua mwanamume alikohoa, na mdogo akasimama palepale alipo mpaka kikohozi kikaisha.

Nimeshalifikisha hilo kwa kila idara, na afisa wa ustawi analifuatilia. Wamesema wataliangalia. Naendelea kukata bei.

Dada mtu alinisindikiza mpaka barabarani. Alikuwa amerefuka. Alinipokea kwa shikamoo na kunibusu mkono nilipofika, kama ipasavyo, na sasa, penye mchanga wa njia, akasimama.

"Anti."

"Naam."

"Siku ile. Ningekataa kumwamkia bibi, mngensema?"

Nilitafuta bei ya katikati. Nilitafuta kwa bidii, na siyo kwa ajili yake. Nilitaka kumwambia hapana mwanangu, tungekuficha, tungekupakia garini.

"Tungekusema," nilimwambia.

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei anayoijua.

"Nliona hivyo." Akageuka kutazama jua lilipofika, kisha akatazama nyumba. "Mie nnarudi anti. Ikifika alasiri simwachi peke yake."

Akaondoka mbio, mtandio umemwanguka mabegani, wala hakuniaga. Mtoto mwenye adabu zile. Kuna mwanamke aliyekuwa akipita njiani, kabeba gunia la mwani, akamtazama, akanitazama mimi, akangoja nimwite arudi aniage vizuri.

Sikumwita.