Wiki tatu niliandika presha ipo sawa, huku kila asubuhi nabeba ndoo kupanda mlima: yaliyonikuta PT Mwanza

Wakuu, heshima zenu.

Haya yalinikuta mwenyewe nikiwa mwaka wa tatu, mechanical. Siyo chai, yaani siyo ya kutunga. Atakayesema ni chai alete na vitafunwa kabisa, tunywe wote.

Kwa wasiojua, PT ni ile practical training, wengine mnaita field. Wiki nane unatoka chuo unaenda kazini, unajaza logbook kila siku, msimamizi wa kazini anasaini kila Ijumaa, halafu supervisor wa chuo anakuja kukukagua. Ukifeli unarudia mwaka unaofuata. Wenzako wanavaa majoho, wewe unawashikia simu uwapige picha.

Mimi nilipangiwa kituo kidogo cha kusukuma maji, ufukweni mwa ziwa, nje kidogo ya mji. Ni mradi wa watu binafsi, jina naliacha. Pampu inavuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye nyumba za mlimani. Wanaoijua Mwanza wanajua nyumba zetu zilivyojibanza juu ya mawe.

Chumba nilipanga huko huko mlimani, kwa Mama Kabula. Uani kwake kuna bomba, ila lilikuwa halitoi maji. Alikuwa anaanikia kitambaa cha vyombo.

"Zamani lilikuwa linatoa, mwanangu," aliniambia siku ya kwanza. "Sasa hivi ni pambo tu."

Basi kila asubuhi nashuka na ndoo mbili, napanda nazo. Magoti yangu ni mashahidi.

Kazi yangu kituoni ilikuwa nyepesi mno. Kila saa nisome geji ya presha ya pampu, niandike. Fundi wa pale aliitwa Fundi Masanja, mtu mzima, mkimya, ambaye geji hata haiangalii. Yeye anaweka kiganja kwenye bomba, anasikiliza, anaondoka. Mimi nikamwona wa kizamani. Msomi bwana.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu.

Siku ya pili tu, kaka mmoja aliyefanya PT pale mwaka uliotangulia akanitumia logbook yake WhatsApp. Na yeye alirithi kwa aliyemtangulia. Mliopita chuo mnaujua huu urithi, msijifanye watakatifu.

Ndani yake: 4.0, 3.9, 4.1, 4.0. Nikachungulia geji, mshale upo kwenye nne. Nikasema mambo si hayo! Kila Jumatatu nakopi wiki nzima, kisha nashinda kivulini na simu. Ijumaa meneja anasaini bila hata kuvaa miwani.

Wiki ya nne, Jumatatu saa tano asubuhi, kabla sijaanza kukopi, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Jenereta hakuna. Nilikuwa nimekaa mbele ya geji, nikainua macho.

Nne.

Nikasubiri dakika kumi. Nne.

Wakuu, mimi nina ugonjwa mmoja, kitu kisichoeleweka hakinipi usingizi. Pampu imelala, presha inatoka wapi? Nikafikiria labda ni maji ya mlimani yanarudi kukandamiza, lakini geji ile iko kabla ya valvu inayozuia maji yasirudi. Nikaigonga kwa kidole. Wapi. Nikafunga koki yake, nikachukua spana, nikaing'oa na kuiweka mezani.

Ipo mezani, haijaungwa na kitu chochote duniani, inasoma nne.

Nilicheka. Halafu nikaogopa. Nikaibeba hadi kwa Fundi Masanja.

"Shikamoo fundi. Hii geji imekufa?"

"Marahaba. Imekufa siku nyingi, hujafika wewe."

"Mbona haijabadilishwa?"

Akafuta mikono taratibu. "Nimeomba mara mbili. Ofisini wanatoa mafaili yenu. Wanasema wanafunzi wa chuo kikuu wanaisoma kila saa na mshale unacheza, tatu nukta tisa, nne nukta moja. Wewe Masanja wa darasa la saba unasema imekufa?"

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Akaniambia kiganja chake kinajua pampu imechoka. Chujio la ziwani limezibwa na magugu maji. Lakini kulitoa kunataka mtumbwi, wazamiaji, na pampu isimame siku nzima. Nani atakubali wakati karatasi zinasema nne?

Nikapiga hesabu ya kitoto. Presha ya bar nne inapandisha maji karibu mita arobaini. Kwa Mama Kabula hakufiki hata thelathini. Maji yalitakiwa yafike. Kumbe asubuhi nabeba ndoo kwa sababu hayapandi, mchana naandika kwamba yanapanda!

Supervisor wa chuo alikuwa anakuja Alhamisi. Jamaa yangu mmoja wa chuo akaniambia nikaze, nimalizie wiki zangu nisepe. Nikisema, narudia PT. Nikinyamaza, atakuja mwingine, nitamtumia urithi.

Alhamisi niliweka geji juu ya logbook, mbele ya supervisor na meneja. Nikasema wiki tatu za kwanza nimezipika. Meneja akavaa miwani.

Supervisor, mama mmoja mkali, akauliza, "Na wiki ya nne?"

"Haipo madam. Hakuna kilichopimwa."

Akazipiga mstari mwekundu wiki zote tatu, pale pale. Hakunifelisha, ila niliambiwa nizifidie baada ya wenzangu kuondoka. Nilizifidia.

Geji mpya ilipofungwa ilisoma mbili na nusu. Fundi Masanja alisema "Eeh" tu, akaenda kutafuta mtumbwi. Chujio lilitoka na magugu, vipande vya nyavu na kandambili moja. Pampu ilipowashwa tena, 3.8. Hiyo niliisoma mwenyewe.

Jioni nafika nyumbani, Mama Kabula anapiga kelele uani. Kitambaa chake cha vyombo kinachuruzika maji.

Nilichojifunza: logbook ukiipika, kuna mtu anaila. Na kabla hujaamini kipimo chochote, kiangalie mashine ikiwa imezimwa.

Mlio PT sasa hivi, hebu nendeni mkaangalie, mlete majibu hapa. Mafundi mliowahi kubishiwa na karatasi za wanafunzi, nanyi semeni, matusi nitayapokea.

Na wewe uliyeandika 4.1 kwa mara ya kwanza pale kituoni, kama umo humu, PM iko wazi. Sikulaumu mkuu. Nataka tu kujua uliiona wapi.