Biceri vya Papa Mbarushimana

Watu wa mutaa wetu wa Mabanga, hapa Goma, wanasema wifi yangu Apolline ni mutu mupole. Anauza mandazi yake bila kelele, hajawahi kugombana na jirani, basi wanamuita mupole. Mimi Olive, niliyekaa naye nyumba moja miaka saba, ninacheka tu. Upole gani? Yule mwanamuke aliweka kisasi rohoni miaka miwili, akakipika polepole kama maharagi, na siku ya kukipakua hakumwaga hata tone.

Mambo yalianzia Gisenyi, upande wa Rwanda, ng'ambo ya bariere ya mupaka. Wakati ule tulikaa mutaa wa Mapendo, pamoja na kaka yangu Hilaire, mume wake, fundi wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo. Kila asubuhi mimi na Apolline tulivuka kununua unga na mafuta kwa muchuruzi mumoja, Papa Mbarushimana. Bei yake ilikuwa nzuri, ulimi wake ndio ulikuwa mubaya. Chenji yote alitoa kwa biceri, vile vichuma vidogo vya kwao. Sisi Goma tunatumia noti. Ukimupa muuza nyanya wetu kiceri, anakurudishia kama umemupa kokoto. Apolline alikuwa anamuomba, "Papa, nipe noti hata kama imechanika." Mbarushimana anajibu bila kumuangalia, "Pesa ni pesa, mama." Lakini wewe ukimurudishia hivyo hivyo biceri vyake, anakunja uso eti anavyo vingi. Basi Apolline alivitupa ndani ya kikopo cha maziwa, chini ya kitanda, na kikopo kikawa kizito.

Mwezi wa kwanza, mwaka wa elfu mbili na mbili, mulima wa moto wa Nyiragongo ukapasuka. Muji ulikuwa chini ya waasi, na risasi tulikwisha kuzizoea. Moto unaotembea ndani ya kartie, katikati ya nyumba za watu, kama mutu anayetafuta mulango, huo hatukuuzoea. Hilaire alikuwa Rutshuru kununua mbao. Apolline alikamata mutoto wake Mahoro, wa miezi kumi, akakamata kikopo, akajifunga kitenge cha marehemu mama yake, cha ndege wa kijani. Tukakimbia na hivyo tu, tukavuka bariere.

Kesho yake tulikuwa mbele ya duka la Mbarushimana. Midomo ya Mahoro ilikuwa imekauka mpaka imepasuka. Mbarushimana alikuwa anauza maji, na bei alipandisha kila saa. Apolline aliweka kikopo juu ya meza. Vilitosha bidon tatu, madumu mazima ya maji, nilijua. Yule mutu aliangalia nyuma yetu, akaona watu wameshika dolari, akasukuma kikopo kwa mugongo wa mukono. Biceri vikamwagika chini.

"Hizi si pesa, mama. Sina nafasi ya kuhesabu takataka."

Takataka yake mwenyewe! Tuliviokota kimoja kimoja kati ya miguu ya watu. Apolline alipoinuka, Mbarushimana alinyoosha kidole kwenye kiuno chake. "Hicho kitenge nakamata." Bidon moja ndogo ya maji kwa kitenge cha mama aliyekufa. Apolline alikifungua mbele ya watu wote, akabaki na jupo, sketi ya ndani, akanywesha mutoto. Hakulia. Mimi ndiye nililia, kwa hasira. Usiku ule aliniambia neno moja tu, "Kitarudi."

Tuliporudi, nyumba ya Mapendo ilikuwa chini ya mawe. Tukapata kiwanja Mabanga, Hilaire akajenga ya mbao, na mabati ya kuokota. Mwaka ule kila mutu alikuwa anaponda vifuniko vya chupa za bia, kuviweka chini ya kichwa cha musumari ili mvua isipite. Apolline akamuletea mume wake kikopo. "Toboa hivi."

"Utaharibu pesa?"

"Mwenyewe alisema si pesa."

Hilaire alicheka, akatoboa. Lakini kikopo kilitosha nusu ya paa tu. Hapo ndipo Apolline aliwaita wamama wa mandazi wa Mabanga, kama thelathini hivi, akawaambia mambo ya kitenge. Hakuna aliyekosa kisa chake na Mbarushimana. Tangu siku ile tulivuka wote kwake asubuhi sana, kila mumoja na noti kubwa, kila mumoja ananunua kitu kidogo. "Papa, tupe biceri, tunavipenda sana." Yule mupumbavu alifurahi. Na hakuna kiceri kilichorudi kwake. Apolline alichukua vya kumaliza paa, vingine vyote tukaenda kutumia upande wa pili wa barabara, kwa mujane Nyiransabimana, ambaye alipokea bila kununa.

Kidogo kidogo ndege anajenga nyumba. Kufika saa nne Mbarushimana hana chenji tena. Watu wa kwao wanataka mukate, yeye anawapa bombo, zile peremende, kwa nafasi ya chenji. Nani anakula bombo kila siku? Wakavuka barabara, kwa mujane. Hata benki alienda, na alichopata asubuhi tulikimaliza kabla ya muchana. Mwaka wa pili rafu zake zilikuwa na vumbi, nasi tulipita tunamusalimia kwa heshima zote.

Mwishoni mutu alimuambia kwamba Mama Mahoro wa Mabanga ana biceri nyumba nzima. Akavuka bariere na jua kali, akaja mpaka kwetu, jasho linamutoka. Hakumukumbuka Apolline hata kidogo. Hiyo ndiyo iliniuma kuliko yote.

"Mama, niuzie biceri. Nitakulipa kwa noti, na juu yake nitaongeza."

"Noti sitaki," Apolline akasema. "Lete kitenge cha ndege wa kijani. Ukileta, nitakuonyesha vyote, chukua bure."

Niliona uso wa Mbarushimana unakumbuka. Alirudi kesho yake, kitenge ndani ya mufuko, muke wake alikuwa amekikunja pindo. Apolline alikipokea kwa mikono miwili, akakinusa, akajifunga kiunoni. Halafu akamuingiza ndani ya nyumba, akamuambia anyanyue macho. Ncha za misumari zilikuwa zimetokeza mstari kwa mstari. Akamutoa nje, akamuonyesha juu ya mabati. Mia tatu na kitu, kila kimoja na musumari katikati.

"Viko pale vyote, papa. Sikupoteza hata kimoja. Ngazi hiyo."

"Umetoboa pesa?" Mbarushimana akauliza.

"Pesa? Wewe ulisema ni takataka."

Alisimama pale, jua kichwani. Akaomba maji. Mimi ningemunyima, ninasema wazi. Apolline aliingia ndani, akatoka na kikombe kimejaa mpaka juu, akamupa, na alipoingiza mukono mufukoni kutafuta noti akamuambia, "Hapa kwetu maji hatuuzi."

Majirani wanasema siku ile alimusamehe. Hapana. Mimi nilikuwa pale, niliona vile alivyomuangalia akinywa, kama mutu anayehesabu deni linalolipwa. Mbarushimana alirudisha kikombe, maji yangali nusu.