Skuta ya Kuwaka mu Baridi

Dorine, mutoto wangu wa mwisho, ni muzalishi mu materinite moja ya komine Kenya, hapa mu muji wetu. Ni muntu wa kimya. Batoto wengi wa kule walishikwa na mikono yake mbele ya kushikwa na mama yao. Lakini siye tunakaa Kisanga, mbali na kule, na taksi-bisi ya asubui haiondokake mpaka ijae. Mukubwa wake wa kazi, mama mukali, akamuambia: "Dorine, ukichelewa tena, nitaita mwingine."

Tangu siku ile, bukari ilikuwa inabaki mu sahani yake. Nyumba yetu yote inakula ku mikono ya Dorine. Usingizi ukanikimbia na miye.

"Mama, tutafute skuta," akasema.

Niliogopa. Bamotari banaanguka kila siku. Lakini woga haipeleke muntu ku kazi. Nikamuambia: "Twende. Ila miye njo nitachagua."

Muuzaji, Guelord, alikuwa na skuta mbili za okazio, zilizokwisha kutumika. Moja nyekundu, inang'aa kama kiatu cha ndoa. Ingine ya kijivu, imekwaruzwa ubavu, kiti kimeshonwa.

"Mama, hii nyekundu inakunywa esanse, mafuta yake, kama ndege anakunywa mayi," Guelord akasema. Akabonyeza kidole, ikawaka. Kijivu pia ikawaka. Dorine alikuwa tayari anapapasa nyekundu.

Nikaangalia jua. Ni saa sita ya muchana. Skuta gani itakataa kuwaka mu jua hii? Na tulikuwa mwezi wa sita, asubui mayi ya ndoo inauma vidole.

"Tutarudia kesho, mbele ya jua kutoka."

"Mama, unatafuta skuta ao unakuya kusali matinale ya alfajiri?" Guelord akauliza.

Bantu wa pale bakacheka. "Nitasali pia, kama inakataa kuwaka," nikamujibu.

Dorine akanivuta kikwembe. "Mama, unanipatisha haya."

"Haya haifukuzake muntu ku kazi."

Kesho yake tulifika pumzi inatoka mu kinywa kama moshi. Guelord alitungojea chini ya bati, anacheka peke yake. Mbele abonyeze kintu, nikatia mukono pa injini ya kijivu. Baridi kama jiwe la mutoni. Pa nyekundu, joto. Na chini yake majivu mapya ya makala. Mbabula yenyewe, ingali na moto, imefichwa nyuma ya mulango.

"Guelord, huyu mugonjwa umemuotesha moto usiku yote?"

"Mama, ni baridi tu. Hata miye nilikuwa naota."

"Pamoja naye? Na esanse ndani ya tumbo yake? Ungeunguza kartie yote, nyumba na bantu, mwana wangu!"

Akaisukuma nyekundu pembeni. Ikabaki kijivu. Dorine akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena, ikakohoa, ikakufa. Hii nayo ikikataa, hakuna ingine. Dorine akaniangalia. "Piga," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ilinitoroka. Akapiga. Ikakohoa, ikashika, ikanguruma kama mashini ya kusaga mahindi.

Sikufurahi bado. Nikamulazimisha Guelord atoe esanse yote, atie chupa moja tu, nione inakunywa kiasi gani. Dorine, kwa kuwa alikuwa na kongé, siku ya kupumuzika, akaenda mpaka ku materinite yake na kurudia. Nilikaa juu ya ndoo, kila pikipiki yenye kupita nainuka. Alirudia. Alitikisa skuta, esanse iliyobaki ikalia ndani. Tukaichukua.

Siku ya kazi, alitoka mu baridi ile ile. Nilisimama mu barabara mpaka sauti ikapotea, kisha nikakaa na telefone mu mapaja. Chai ikapoa. Mwisho telefone ikalia.

"Mama, nimefika. Mukubwa mwenyewe hayafika bado."

"Basi simama pa mulango, akukute pale," nikamuambia. "Na kaske ya kichwa usivue kwanza, aione."